Mizani chini ya mzinga: kumuuzia vihisi mfugaji wa mizinga mitatu

Mfugaji wa mizinga miwili au mitatu, anayefuga kwa mapenzi na si kwa riziki, anapenda kufungua mzinga. Matangazo mengi ya vihisi, yaani vifaa vya kupima hali ya mzinga, husahau jambo hilo. Kuvaa ovaroli, kuwasha bomba la moshi, kuinua fremu yenye masega na kuitazama juani ndiyo starehe yenyewe iliyomfanya anunue mizinga. Ukimwambia "hutahitaji tena kufungua mzinga", umemwahidi kumpokonya anachokipenda. Maneno hayo yanamfaa mwenye mizinga mia tano iliyotawanyika, ambaye kila safari ya manzuki, yaani mahali mizinga ilipo, ni mafuta na ujira wa vibarua. Huyu wa mizinga mitatu ni mtu mwingine kabisa.

Shida yake ni siku zile sita kati ya ukaguzi mmoja wa kila wiki na mwingine. Hajui kama mbochi, yaani maji matamu ya maua, umeanza kuingia, kama kundi lina chakula, kama jana mchana nusu ya nyuki wake waliruka wakaenda zao. Anataka kujua kama leo kuna sababu ya kufungua au awaache nyuki wafanye kazi. Hapo ndipo vihisi vina la kumpa. Lakini kabla ya kuandika neno moja la tangazo, muuzaji anapaswa kuelewa kila kihisi kinaona nini na kinachelewa kiasi gani, kwa sababu ahadi iliyozidi uwezo wa kifaa humrudia ndani ya msimu mmoja.

Uzito hujieleza wenyewe

Kama una nafasi ya kutangaza kipimo kimoja tu, tangaza mizani. Uzito hauhitaji mtaalamu wa kuutafsiri. Mzinga ulikuwa kilo 41.2 jana jioni, leo jioni ni kilo 43.6, nyuki wameingiza mali. Wakati wa maua mengi, kundi lenye nguvu huweza kuongeza kilo mbili hadi tano kwa siku, na hakuna mfugaji asiyefurahi kuuona mstari huo ukipanda.

Mstari huo una mapigo yake ya kila siku, na ni lazima mteja aelezwe mapema. Asubuhi uzito hushuka ghafla, kwa kuwa nyuki wa malisho wametoka. Nyuki mmoja ana takriban gramu 0.1, hivyo nyuki elfu tano wakiwa nje mzinga umepungua nusu kilo. Alasiri uzito hupanda wanaporudi na mizigo. Usiku hushuka tena polepole, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu kilo, kwa sababu mbochi uliotoka mauani ukiwa na maji mengi unakaushwa hadi kuwa asali yenye maji chini ya asilimia 20 hivi. Mteja ambaye hakuambiwa hili atapiga simu usiku wa tatu akisema asali yake inaibiwa. Aliyeambiwa ataamka asubuhi aangalie ni maji kiasi gani yamepeperuka, na hapo umepata mtu atakayeitazama grafu kila siku.

Mizani pia huonyesha kundi linapogawanyika. Malkia wa zamani hutoka na nyuki wengi, mara nyingi elfu kumi hadi elfu ishirini, kila mmoja ameshiba asali ya safari. Kwenye grafu hiyo ni kilo moja na nusu hadi tatu zinazoondoka ndani ya dakika chache na hazirudi jioni.

Lakini mizani hudanganyika. Mbao za mzinga hunywa mvua, na mzinga ambao haukupakwa rangi unaweza kuonekana umeongezeka uzito siku nzima ambayo hakuna nyuki aliyetoka. Theluji juu ya kifuniko husomeka kama asali. Nyasi zilizokua hadi kugusa kitako cha mzinga hubeba sehemu ya uzito. Jiwe linalozuia kifuniko kisipeperuke likisahaulika chini baada ya ukaguzi, kilo nne zimepotea. Vihisi vya uzito vyenyewe husoma tofauti kidogo jua linapovipiga, na ndiyo maana grafu nyingine huonyesha wimbi dogo kila adhuhuri hata mzinga ukiwa mtupu. Kifaa kizuri hupima pia joto la mizani yenyewe na kufanya marekebisho. Kama chako hakifanyi hivyo, basi linganisha usomaji wa usiku kwa usiku, na mwambie mteja afanye vivyo hivyo.

Jaribio ambalo kila muuzaji angelifanya mbele ya mnunuzi ni hili. Weka mizani juu ya ubao ulionyooka, isome ikiwa tupu, kisha weka dumu lenye lita 20 za maji safi, yaani kilo 20 pamoja na uzito wa dumu. Sogeza dumu hilo kwenye pembe zote nne. Usomaji ukitofautiana kwa zaidi ya robo kilo kati ya pembe na pembe, kuna kihisi kimekaa vibaya au fremu ya mizani imepinda. Mizani za bei nafuu zinazoinua upande mmoja tu wa mzinga na kuzidisha kwa mbili zina kasoro ya asili: nyuki wakihifadhi asali zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, hesabu inapotoka. Bado zinafaa kuonyesha mwelekeo. Hazifai kutangazwa kuwa zinatoa kilo halisi.

Joto, na suala la malkia aliyepotea

Nyuki wenye majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, huweka joto la kiota kati ya nyuzi 34 na 35 za Selsiasi, mchana na usiku, iwe nje kuna joto au baridi. Mstari ulionyooka kama uzi maana yake majana wapo na nyuki wa kuwatunza wanatosha. Mstari unaofuata hali ya hewa ya nje, ukipanda na kushuka, maana yake pale kilipo kihisi hakuna majana.

Angalia maneno hayo: pale kilipo kihisi. Wateja wengi huweka kihisi cha joto chini ya kifuniko kwa sababu ni rahisi kukifikia, kisha hulalamika kwamba kundi lao linakufa. Hapo juu wanapima jua. Kihisi kikae katikati ya kiota, juu ya fremu za majana au kati yake, kikiwa chembamba kiasi cha kutoziba njia ya nyuki. Nafasi wanayoiacha nyuki wenyewe ni milimita 6 hadi 9. Kifaa kinene kuliko hapo watakijengea nta pembeni, na chochote chenye tundu dogo watakiziba kwa gundi yao. Kihisi cha unyevu kikishapakwa gundi hiyo huendelea kutoa namba, ila namba hizo hazina maana tena. Wavu wa chuma wenye matundu membamba husaidia, nao pia unahitaji kukwanguliwa kila msimu.

Sasa ile ahadi inayopendwa sana: "utajulishwa malkia akifa." Fuata hesabu. Malkia akifa leo, mayai aliyotaga leo asubuhi yatachukua siku 21 hadi kutoka nyuki watenda kazi. Kwa wiki tatu hizo kuna majana ndani, na nyuki huyapasha joto kama kawaida. Grafu ya joto itaanza kuyumba mwishoni mwa muda huo, wakati mfugaji anayekagua fremu angeshaona kukosekana kwa mayai siku ya nne. Kwa hiyo kihisi cha joto hakitangazi kifo cha malkia. Kinachoweza kusemwa kwa ukweli ni kwamba kinaonyesha uzazi umeanza, unaendelea au umekoma, bila kufungua, na hilo lina thamani kubwa hasa majira ya baridi ambapo kufungua mzinga ni kuuumiza.

Kipimo hicho hicho hutofautisha mambo mawili ambayo mizani peke yake huyachanganya. Kundi likigawanyika, uzito hushuka lakini joto la kiota hurudi mahali pake, kwa kuwa waliobaki wana majana. Kundi likihama lote, uzito hushuka na joto la ndani hufuata la nje usiku uleule. Mteja anayeishi mahali ambapo nyuki huhama mara kwa mara anahitaji vipimo vyote viwili, na hiyo ni hoja ya kuuza iliyo wazi kuliko porojo lolote la akili bandia.

Sauti

Wazo la kusikiliza mzinga si jipya. Katika miaka ya 1950 na 1960, Eddie Woods, mhandisi wa sauti wa BBC nchini Uingereza, alitengeneza kifaa alichokiita Apidictor, cha kuchuja mvumo wa mzinga ili mfugaji atambue kundi linalojiandaa kugawanyika. Ni sauti, kwa hiyo huvutia mno katika matangazo. Tatizo ni kwamba sauti inayotambulika kwa urahisi kuliko zote, ule mlio wa malkia wachanga kama tarumbeta, wa takriban hezi 400, kwa kawaida husikika baada ya kundi la kwanza kuondoka. Unaonya kuhusu kundi la pili. Mfugaji aliyeahidiwa onyo la kundi la kwanza atajiona ametapeliwa.

Uza sauti kama nyongeza ya kuvutia kwa anayependa kujifunza. Vihesabu nyuki vya mlangoni navyo viko hivyohivyo: vinapendeza kutazama, huziba kwa vumbi la chavua na nyuki waliokufa, na hesabu ya waliotoka haiwi sawa kamwe na ya waliorudi.

Kile ambacho hakuna kihisi kinachokiona

Utitiri wa varroa, mdudu mdogo anayeishi juu ya nyuki, ndio huua makundi mengi ya wafugaji wadogo katika nchi ulikoenea, na mizani wala kipimajoto haviuoni. Kundi linaweza kupata uzito vizuri msimu wote huku utitiri ukiongezeka, kisha likaporomoka baada ya mavuno. Kuupima bado ni kazi ya mkono: nyuki 300 hivi, sawa na nusu kikombe, wanaoshwa kwa spiriti au kutikiswa na sukari laini, utitiri unahesabiwa na kugawanywa kwa tatu ili kupata idadi kwa kila nyuki mia.

Tunashauri sentensi hii iandikwe kwenye boksi lenyewe, kwa herufi zinazosomeka: "Kifaa hiki hakipimi utitiri." Meneja wa mauzo atapinga. Lakini mfugaji mwenye uzoefu akiiona sentensi hiyo ataamini sentensi nyingine zote zilizo kwenye boksi, na huyo ndiye ambaye wanachama wapya wa chama cha wafugaji humuuliza wanunue nini.

Vivyo hivyo na kugawanyika kwa kundi. Tenganisha habari na utabiri. Arifa ya mizani ni habari: kundi limetoka dakika kumi zilizopita. Ni habari yenye manufaa, maana kundi lililotoka mara nyingi hujitundika tawini karibu kwa saa kadhaa, pengine siku moja au zaidi, na mwenye nalo akijulishwa akiwa kazini anaweza kumtuma mtu na sanduku tupu. Kulizuia lisitoke ni jambo jingine. Seli ya malkia, yaani chumba cha nta anamokulia malkia mpya, huzibwa siku ya 8 au ya 9 tangu yai litagwe, na kundi huwa tayari kuondoka wakati huohuo. Ndiyo sababu ya ukaguzi wa kila siku saba katika msimu wa kugawanyika, na hakuna kifaa cha kuuondoa. Mwambie hivyo. Yeye anapenda kukagua hata hivyo.

Nani hasa ananunua

Wapo wa aina tatu, na hawasikii lugha moja. Wa kwanza ni mwenye mizinga mbali, shambani kwa ndugu au mahali pa mwendo wa saa moja. Huyu ndiye mwenye haja halisi. Mizani inamwambia siku ya kwenda kuongeza sanduku la asali, na kihisi cha mtikisiko kinamjulisha mzinga ukipinduka au ukiibwa. Wa pili ni mpenda vifaa, atakayeuliza data inatoka katika faili la aina gani na kama anaweza kuisoma bila kupitia kwenu. Wa tatu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, mwenye hofu, anayenunua utulivu wa moyo.

Huyu wa tatu ndiye rahisi kumuuzia na ndiye anayerudisha kifaa. Bado hajui kusoma fremu, hivyo hawezi kuilinganisha grafu na hali halisi, na kila mshuko wa mstari ni msiba. Kama una ujasiri, mwambie anunue mizani moja tu mwaka huu, na kila ukaguzi aandike alichokiona siku ileile uzito ulipobadilika. Mwaka wa pili atarudi kununua nyingine akijua anachonunua.

Ukimuuliza mteja swali moja tu, muulize mizinga yake iko wapi. Jibu litakuambia yeye ni yupi kati ya hao watatu, na pia litakuambia ni mtandao gani utafanya kazi.

Mtandao na betri

Bluetuthi hufaa mizinga iliyo nyuma ya nyumba, ila si kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi. Mzinga uliojaa asali na nyuki ni chombo cha maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kifuniko cha bati huzidi kuyazuia. Umbali wa mita 30 uwanjani unaweza kuwa mita nane kutoka ndani ya mzinga. Laini ya simu huenda mbali zaidi, mradi eneo lina mawimbi. Mwombe mteja asimame kando ya mizinga na simu yake kabla ya kulipa, atume ujumbe mmoja. LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, hufika kilomita kadhaa panapoonekana wazi, lakini masafa hutofautiana, megahezi 868 Ulaya na 915 Amerika Kaskazini. Kifaa cha masafa yasiyo ya nchi ya mteja ni tofali, na pengine ni kosa kisheria.

Kuhusu betri, toa hesabu badala ya kusema "inadumu muda mrefu." Chukua betri ya miliampia-saa 2,500, kifaa kinachotumia miliampia 0.05 kikiwa kimelala na miliampia 100 kwa sekunde tano kila kinapotuma. Kikituma kila dakika kumi, kinakula karibu miliampia-saa 21 kwa siku. Betri itakwisha kwa takriban miezi minne. Kikituma kila saa, kinakula 4.5 kwa siku, na betri inavuka mwaka. Baridi kali hupunguza muda huo. Kutuma kila saa kunatosha mwaka mzima isipokuwa majuma ya kugawanyika, kwa hiyo mpe mteja uwezo wa kubadili mwenyewe, na umweleze gharama yake.

Bei kwa kilo za asali

Mfugaji wa mapenzi hapigi hesabu ya faida kama mfanyabiashara, lakini anajua mzinga wake unatoa kilo ngapi. Mhesabie kwa kipimo hicho. Tuseme mzinga unampa kilo 15 za ziada kwa mwaka, bei ya mizani ni sawa na kilo 20, na ada ya huduma ni kilo 5 kila mwaka. Akifunga mizinga yote mitatu, mwaka wa kwanza ametoa kilo 75 wakati ameshavuna 45. Akifunga mzinga mmoja tu, ametoa 25, na mwaka wa pili ni 5. Mzinga mmoja wenye nguvu ya wastani unatosha kueleza kama mbochi unaingia katika eneo zima, kwa kuwa makundi yote matatu yanalisha kwenye maua yaleyale. Kwa mizinga mingine anahitaji vihisi vya joto pekee, ambavyo ni vya bei ndogo. Hivyo toza ada kwa manzuki, si kwa mzinga. Ada inayoongezeka kila anapoongeza kundi humfanya achoke nanyi mwaka uleule ambao ufugaji wake unakua.

Na jibu mapema swali ambalo wengi hawaulizi kwa sauti: kampuni ikifungwa, mizani yangu inakuwa nini? Jibu zuri ni kwamba kifaa kinaendelea kusomeka kwa simu kikiwa karibu, bila ada, na data yote inaweza kupakuliwa katika faili la jedwali la kawaida. Ongeza kwamba mahali mizinga ilipo hapaonyeshwi wazi kwenye ramani yoyote ya pamoja. Mizinga huibwa, na ramani yenye nukta sahihi ni zawadi kwa mwizi.

Lini, na kupitia kwa nani

Tangazo lenye nguvu kuliko yote ni mstari unaopanda wakati wa maua. Basi peleka mizani moja kwenye mizinga ya mafunzo ya chama cha wafugaji kabla ya maua, bila malipo, grafu yake ionekane na kila mwanachama, na iachwe hapo msimu mzima pamoja na makosa yake. Wanachama wataona mvua ikipanda kama asali, wataona kundi likitoka, na watakuwa wameelewa kabla ya kuuliza bei. Maombi ya kununua hupokewa katika miezi ya utulivu, watu wanapogongea fremu na kuyeyusha nta. Mzigo umfikie mteja makundi yangali mepesi. Mzinga wa kilo 25 huinuliwa na watu wawili na mizani ikaingia chini. Ukifikia kilo 70 katikati ya msimu, mizani itabaki kwenye boksi hadi mwaka unaofuata, na ada haitalipwa.

Siku 14 za kwanza kifaa kisitume arifa yoyote. Kijifunze mwenendo wa kundi hilo. Baada ya hapo, adui mkubwa ni tahadhari ya uongo, na chanzo chake cha kawaida ni mfugaji mwenyewe: ameondoa kifuniko na sanduku la juu, uzito umeshuka kilo 18, joto limeanguka, na programu inapiga kelele kwamba kundi limetoka. Mara tatu za namna hiyo na arifa zitazimwa kabisa. Weka kitufe cha "nakagua sasa" kwenye ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa atasahau kukibonyeza, mshuko ukitokea arifa ije kama swali: "Uzito umepungua kilo 2.1 kati ya saa 6:10 na 6:18 mchana. Je, umefungua mzinga?" Akijibu ndiyo, programu ianze hesabu upya kutoka uzito mpya. Akijibu hapana, anajua la kufanya, na muda bado upo.